Kamati ya Kupoza Gari

Gari la Baba lina harufu ambayo siipendi na siwezi kuikosea. Ni harufu ya viti vya plastiki vilivyochomwa na jua miaka nenda miaka rudi, petroli kidogo, na juu yake ule ubaridi unaonuka kitambaa kilichosahauliwa kwenye ndoo. Jumamosi iliyopita nililivua turubai, nikaliwasha, nikafungua kiyoyozi ili mnunuzi akija akute kinafanya kazi. Harufu ikanijia usoni. Nilizima upesi, nikabaki nimekaa pale na mikono nimeikunja, nimenuna peke yangu ndani ya gereji, mtu mzima na watoto wawili.

Baba mwenyewe siku hizi yuko kwao Tukuyu, ambako mvua hainyeshi kwa msimu bali kwa mazoea, na watu hulalia mablanketi mawili. Amestaafu teksi, amerudi nyumbani, ameniachia gari niliuze. Hupiga simu kila Jumapili. Haulizi kama nimelala vizuri, haulizi wajukuu wake wanasoma nini. Anauliza, "Eesii bado inapoa?" Namjibu inapoa. Basi huridhika, huaga, hukata simu.

Ninyi mliokulia huku Marekani, Alexandria au kule ng'ambo ya mto Oxon Hill, mkilelewa na wazazi wetu wale, mnawajua wanaume ninaotaka kuwasema. Siku za kazi waliendesha teksi na kuegesha magari ya wageni hotelini, wakiinama na kusema yes sir. Jumamosi walijigeuza mabingwa wa kila kitu. Uchaguzi wa nyumbani waliujua, injini waliijua, ndoa za watu walizijua kuliko wenye ndoa. Sitawaonea huruma hapa. Nilishawahi kuwaonea, haikunisaidia kitu.

Gari lenyewe ni la Kimarekani la zamani, milango miwili, pua ndefu kupita akili, injini ya silinda nane, rangi ya haradali na mistari miwili myeusi juu ya boneti. Baba alilinunua kwa kuuza gari la Mama. La Mama lilikuwa dogo, la kijivu, lisilo na sifa yoyote ila moja: liliwaka kila asubuhi na kumfikisha alikokwenda. Asubuhi alikwenda kuwaogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, jioni alikwenda chuoni upande wa Maryland kusomea uuguzi. Siku moja alitoka kazini kwa lifti ya mwenzake, akakuta mahali pa gari lake pamekaliwa na lile dude la haradali, na Baba kasimama kando yake anatabasamu kwa meno yote.

Nakiri, mimi nililipenda. Nilikuwa na miaka tisa, na lilipowashwa vioo vya fleti yetu vilitetemeka. Mama alizunguka gari mara moja, akaingia ndani kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Halikuwa na kiyoyozi, na kiangazi cha bonde la Potomac mnakijua, hewa yake nzito ya unyevu, shati linalowa kabla hujafika kituo cha basi. Siku ya mtihani wa mwisho wa Mama, Baba alisema atampeleka mwenyewe, tena kwa heshima. Nikawekwa nyuma. Mama alikaa mbele amevaa sare yake nyeupe, daftari mapajani, midomo inakwenda akirudia majina ya dawa. Juu ya daraja magari yakasimama. Mshale wa joto la injini ukaanza kupanda, ukaingia kwenye nyekundu. Na sasa sikilizeni alichofanya Baba. Alifungua hita. Julai, saa mbili na nusu asubuhi, vioo vyote chini na upepo hakuna, baba yangu alifungua hita mpaka mwisho ili kuvuta joto kutoka kwenye injini, akalimwaga miguuni kwa mke wake. Kifundi alikuwa sahihi, nimekuja kujua baadaye. Injini ilipona.

Tulifika mlango wa chumba cha mtihani umeshafungwa. Mama alirudi kwenye maegesho sare imemganda mgongoni, akasimama mbele ya Baba, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umeuza gari langu bila kuniuliza. Mtihani wangu umenipita. Na humu ndani umenichemsha kama kiazi." Jioni ile alifunga mabegi mawili, akaenda kwa mdogo wake, Mama Mdogo Tusa, Columbia Heights, kwenye chumba kimoja ambacho hakikuwa na nafasi ya mtu wa tatu. Aliniambia nivumilie mpaka apate pa kuniweka.

Mambo matatu. Niliyasikia yote kwa masikio yangu, na nikashika la tatu. Lile la gari dogo sikulielewa, la mtihani nilidhani ataufanya siku nyingine, lakini joto nilikuwa nimelionja mwenyewe, mapaja yangu yalikuwa yamebanduka kwenye kiti. Kwa hiyo nikajua, kwa uhakika ule wa mtoto usioulizwa maswali, kwamba Mama aliondoka kwa sababu ya joto, na kwamba likiondoka joto atarudi. Mtoto wa miaka tisa anaruhusiwa kuwaza hivyo. Lakini walikuwapo watu wenye mvi.

Kwetu mke akiondoka kwa hasira, mume hamfuati peke yake wala hakai kimya. Huita wazee. Wao humkalisha chini, humuuliza kakosa nini, humbana mpaka akubali, kisha humsindikiza kwa mkewe akaseme pole. Ni desturi nzuri, na wengi imewaponya. Baba akaita wazee kama inavyotakiwa. Walikutana Oxon Hill nyumbani kwa Mzee Mutua, Mkamba wa Machakos, mzee wa kanisa, kwa kuwa yeye alikuwa na nyumba yenye gereji na mwenye fleti zetu alikataza mafundi kwenye maegesho. Alikuwapo pia Papa Bahati, Mkongo wa Bukavu, mwenye viatu vya kung'aa hata siku ya kukata nyasi, na Anko Seif wa Tanga, aliyepata kuwa fundi wa majokofu huko kwao.

Mzee Mutua alifungua kwa sala ndefu. Kisha akamwambia Baba, "Sasa, Baba Atu, tuambie. Huyu mama alisema nini, exactly?"

Baba akayataja yote matatu, moja baada ya jingine, hakuficha. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi na sahani ya maandazi. Wazee waliangalia vikombe vyao. Hakuna aliyetaka kuligusa la kwanza, kwa sababu wengi wao walikuwa wameuza kitu cha mke bila kumuuliza. La pili lilikuwa limeshapita. Papa Bahati ndiye aliyewaokoa.

"Ule mama anasema joto," akasema. "Joto ni problemu ya klimu. Tutie klimu mu ile motokari, problemu inaisha."

"Ewaa, kiyoyozi," akadakia Anko Seif. "Kazi ndogo hiyo. Mimi nimefunga mafriji Tanga nzima, seuze gari."

Ungewaona walivyochangamka! Mtu akainuka kufungua boneti kabla chai haijapoa. Mzee Mutua akaandika ajenda kwenye daftari la kanisa: kiyoyozi kikawa namba moja, na mambo mengine mawili ya mama yangu akayaweka chini kabisa, kwenye Mengineyo. Katika malalamiko matatu, walichagua lile linalotaka spana.

Wakajiita kamati. Sitanii. Kila Jumamosi kulikuwa na kikao chenye mwenyekiti, sala, na yatokanayo na kikao kilichopita, ambayo siku zote yalikuwa ni kitu kilichovunjika. Kiyoyozi kilikuja ndani ya boksi, cha kisasa, kimetengenezwa makusudi kwa magari ya zamani, na kitabu chake cha maelekezo. Kitabu hicho walikitumia kuwekea kikombe. Jumamosi ya kwanza walifunga kompresa ikakaa upande, mkanda ukapiga kelele kama mbuzi anayechinjwa kisha ukaruka nje. Jumamosi ya pili walitoboa tundu la mabomba mahali pasipo pake, wakaliziba, wakatoboa jingine. Ya tatu walijaza gesi bila kwanza kuvuta hewa na unyevu kutoka ndani ya mabomba. Anko Seif alisema hayo ni mambo ya Wazungu ya kupoteza muda. Basi unyevu ukaganda barafu humo ndani, na kutoka kwenye matundu ya dashibodi kukatoka pumzi moja ya baridi, kisha joto tupu.

Ya nne gesi yote ilivuja. Wakapaka povu la sabuni ya vyombo kwenye kila kiungo kutafuta panapotoa mapovu, wanaume watatu wameinamia injini wanapuliza povu na kubishana. Mke wa Mzee Mutua alipita na kapu la nguo, akasimama kidogo. "Na huyo mama wa mtoto, mmempigia simu?" akauliza. Mumewe akamjibu bila kuinua kichwa, "Tuko na mambo yetu hapa, tafadhali." Mama yule akanitazama mimi, akaingia ndani. Yeye peke yake ndiye aliyeuliza swali la maana kiangazi kizima, na hakuwa mjumbe.

Mimi nilikuwa mjumbe. Mzee Mutua alinipa kazi ya kusoma kipimajoto. Cha kwanza alikileta Baba kutoka kwenye mkoba wa shule wa Mama, kile cha kupimia homa za wagonjwa. Walikichomeka kwenye tundu la hewa, kikaandika tu kwamba ni chini mno, kwa kuwa kimetengenezwa kwa ajili ya miili ya watu walio hai. Walishangilia, wakapeana mikono. Ilimchukua Papa Bahati robo saa kugundua kwamba kilikuwa kinaandika hivyo hivyo hata nje juani, kwa kuwa betri ilikuwa dhaifu. Wakaazima cha kupimia nyama iliyo kwenye oveni, chenye vipimo vya Kimarekani, ambavyo arobaini yake ni baridi ya jokofu.

"Atu," aliniambia Mzee Mutua, akigonga mshale kwa ukucha, "hii kitu ikifika forty, mama yako anakuja nyumbani. Umeskia?"

Nilisikia. Nililichukua kama mkataba uliotiwa sahihi na serikali. Nilikaa kiti cha nyuma kila Jumamosi na macho kwenye mshale ule, na kila nilipofungua kioo kidogo nipate kuwasikia walio nje, sauti tatu zilinirukia kwa pamoja: "Atu, funga kioo, baridi isitoke!" Nilijifunza. Kioo kilikuwa cha kuzungusha kwa mkono, kigumu, na nilijua kukifunga kwa mizunguko sita.

Kila Jumatano Mama alinipigia simu. Sikuwa nikimwambia habari za michezo wala za chakula. Nilimpa vipimo.

"Jumamosi ilikuwa seventy-one, Mama. Jumamosi ijayo Anko Seif anabadilisha valvu."

"Na Baba anasemaje?"

"Anasema kompresa iko okay."

"Kuhusu mimi, mwanangu. Anasemaje?"

Nilifikiri sana, maana nilitaka jibu zuri. "Anasema utaipenda," nikamwambia. Mama akaniuliza kama nimesuka nywele.

Ya tano na ya sita zilikwenda kwenye kulisuluhisha gari na kiyoyozi chake, kwa sababu sasa injini ilichemka zaidi kuliko mwanzo. Ule wavu wa kupozea gesi waliufunga mbele ya rejeta, ukazuia upepo. Ikabidi rejeta kubwa zaidi, kisha feni ya umeme, kisha nyaya nene za kuiendesha feni. Waliisikiliza ile injini kwa subira ambayo sijawahi kumwona Baba akimpa binadamu. Ikigonga kidogo, alizima, akaweka sikio, akauliza, "Nini tena, mama?" Kwa kweli aliliita mama. Ajenda ya Mengineyo haikufikiwa hata siku moja, kwa sababu kila ilipokaribia pilau ilikuwa imeiva.

Jumamosi ya saba, mwisho wa Agosti, mshale ulisimama kwenye arobaini na mbili gari likiwa limeegeshwa kivulini, na kamati ikatangaza ushindi. Walivaa suti. Anko Seif alibaki, akisema kazi ya fundi imekwisha sasa ni ya wazee. Baba alishika usukani, Mzee Mutua mbele na Biblia yake, mimi na Papa Bahati nyuma, vioo vyote juu. Tulivuka mto tukaingia mjini. Kwenye mataa watu waliokuwa wakijipepea kwa magazeti walitutazama, nami niliwatazama kwa dharau ya mtu anayesikia baridi. Nilikuwa nimeweka kipimajoto mkononi mwangu mbele ya tundu la hewa, nimejinyoosha kati ya viti. Tulipopinda kwenye mtaa wa Mama Mdogo kikagusa arobaini. Nikapiga kelele mpaka Papa Bahati akaziba masikio.

Mama alishuka ngazi za nyumba ile amevaa ndara, mkononi kitabu kinene, kidole kimoja kimebaki ndani kushika ukurasa. Wazee walitoka kumpisha. Baba hakutoka. Hakuweza, kwa sababu kompresa ikiwa inafanya kazi injini ilitaka kuzimika, na ilibidi mguu wake ubaki kwenye mafuta. Hivyo ndivyo alivyomsalimia mke wake baada ya wiki saba, amekaa, mguu unakanyaga.

Mama aliketi mbele. Mzee Mutua akamfungia mlango kwa haraka. Mama alipeleka kiganja kwenye tundu la hewa, akakiacha hapo.

"Arobaini, Mama!" nikasema. "Arobaini kamili!"

"Naona," akasema, akanigeukia akatabasamu, na moyo wangu ukajaa. Kisha akamtazama Baba. "Kweli inapoa. Hongera. Haya, na yale mengine?"

Baba akaangalia mshale wa dashibodi. "Hata injini haichemki tena," akasema.

"Nilisema mambo matatu, Baba Atu."

"Ndiyo. Tulianza na hili."

Mama alimsubiri. Hilo nalikumbuka kuliko yote, jinsi alivyomsubiri, bila hasira, kiganja bado kwenye baridi. Kulikuwa na neno moja tu la kusema, pole, neno ambalo hata mlevi humgawia mtu asiyemjua akijikwaa njiani, na Baba alikuwa nalo, na mlango ulikuwa umefungwa, na hakuna mzee aliyekuwa anasikia. Alikanyaga mafuta kidogo. Injini ikanguruma.

Mama akafungua mlango. Mzee Mutua, pale kwenye lami, jasho linamtiririka ndani ya suti, akaanza, "Mama Atu, hebu skiza, hiyo ingine yote tumeiweka kwa Mengineyo, tutaifikia." Mama alimwitikia kwa kichwa, kwa upole, kama alivyowaitikia watoto wa wale wazee aliowaogesha, wanaokuja mara moja kwa mwaka na maua.

Mtihani aliufanya tena na kufaulu, akienda chuoni kwa basi na treni. Leo ni muuguzi mkuu wa wodi nzima, na amenunua magari matatu yake mwenyewe, yote ya kijivu. Nilihamia kwake nilipofika miaka kumi na miwili. Habari za siku ile hatujawahi kuzitaja, naye ana adabu ya kutozitaja. Wale wazee nimewacheka mezani kwake mara nyingi, nikiigiza sauti zao. Yeye hucheka kidogo, kisha hunyanyuka kuondoa sahani.

Maana siku ile, kabla ya kupanda ngazi, Mama alizunguka akaja kwenye dirisha langu la nyuma, akagonga. Nilishusha kioo nusu. Aliinama, uso wake ukawa karibu na wangu, una jasho tayari.

"Atu, shuka mwanangu," akasema. "Nimepata chumba. Kitanda chako nimeshakitandika."

Nilimwangalia mwanamke yule, niliyemlindia kiti kwa Jumamosi saba, niliyemfikishia arobaini, naye anatoka nje kama hajaona kitu. Nilimdharau kwa roho yangu yote. Nilimwambia, kwa Kiingereza, ili iume, "They fixed it for you." Akafungua mdomo kunijibu, na upepo wa moto wa barabarani ukaingia kwa pale alipoegemea, na kutoka mbele Baba akasema bila kugeuka, "Atu, kioo."

Mizunguko sita inafunga kioo kizima, kwa hiyo kwa nusu ilinitosha mitatu. Mama alitoa vidole vyake kwa wakati. Nilimwona midomo inakwenda upande wa pili, lakini sikusikia, kwa kuwa nilikifunga vizuri, kama walivyonifundisha, baridi isitoke.